Faini ni ya Kutokuja, Si ya Kilo

Hotuba ya muuguzi wa kliniki ya kisukari kwa mkutano wa pamoja wa vikundi vya vicoba, Moshi

Shikamooni wazazi wangu. Bwana asifiwe. Asalaam aleikum. Mama mwenyekiti, viongozi wa vikundi, ndugu zangu wa Pasua, Njoro, Majengo na Kiboriloni, na ninyi mlioshuka kutoka Kibosho na Uru na manyunyu yote haya ya asubuhi, asanteni sana kwa kunipa nafasi kabla ya chakula.

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniuliza hivi: "Sista, hizi saa za kuhesabu hatua, na hizi programu za kwenye simu ambazo mabinti zetu wanatuwekea, zinapunguza mwili kweli, au tunamaliza bando tu?" Nimelala na swali hilo wiki mbili. Nitalijibu, lakini niruhusuni nianzie kwenye daftari lenu.

Kila mmoja hapa anamfahamu mama ambaye kabla ya kikundi hakuwahi kuweka hata elfu kumi ikakaa. Hakukosa akili. Hakukosa hata pesa, maana ndizi alikuwa anauza Mbuyuni kila siku ya Mungu. Alijua kabisa kwamba akiba ni jambo jema, alihubiriwa tangu shule ya msingi. Alichokosa ni siku maalumu, daftari lenye jina lake, na watu ambao wangeuliza, "Mama fulani leo yuko wapi?" Alipovipata hivyo vitatu, yule yule, na biashara ile ile, akasomesha watoto. Sanduku lina kufuli tatu, lakini mnajua wenyewe kwamba kufuli siyo iliyomfanya aweke hisa. Alikuwa anajua kwamba Jumamosi jina lake litaitwa.

Mimi ninasimama hapa kwa sababu mama yangu mzazi alikatwa mguu kwa kisukari akiwa na miaka sitini na moja. Miaka yote ile aliambiwa "punguza mwili, mama" na kila aliyevaa koti jeupe. Aliambiwa, akaitikia, akarudi nyumbani. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza wiki iliyofuata alipofikia. Siwalaumu, foleni ilikuwa ndefu, na leo hii mimi ndiye niko upande wa pili wa ile meza na foleni ninaiona. Lakini ninajua sasa kwamba kumwambia mtu apungue bila kumfuatilia ni kumwachia mzigo na kuondoka.

Na mzigo wenyewe umekuja kwa njia ambayo wengi hatukuiona. Bibi zetu walishuka asubuhi kwenda kukata majani ya ng'ombe, wakapanda nayo kichwani hadi kihambani, wakateka maji, wakalima. Hakuna aliyeita mazoezi. Leo kutoka kanisani hadi nyumbani, mwendo wa dakika kumi na tano, bodaboda iko mlangoni. Na jikoni nako mambo yamegeuka. Tufanye hesabu moja pamoja. Familia ya watu wanne inayomaliza lita moja ya mafuta ya kupikia kwa wiki: lita ile ina takribani kilokalori 8,200, yaani kipimo cha nguvu ya chakula. Gawanya kwa siku saba, gawanya tena kwa watu wanne. Inakuja karibu 290 kwa kila mtu kwa kila siku, kabla hujagusa ugali wala ndizi. Ni kama kila mmoja wenu, hadi mtoto, amekula chapati moja ambayo hakuiona sahanini. Wapo hapa wanaomaliza lita mbili, na hao wanajijua.

Ndiyo maana utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2004–05 ulikuta wanawake 18 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene, na ule wa 2015–16 ukakuta wamefika 28. Miaka kumi na moja tu. Hatukugeuka kuwa wavivu kwa miaka kumi na moja. Kilichogeuka ni mazingira tunamoishi, na mazingira yakigeuka tabia hufuata bila kuomba ruhusa.

Kuna kitu kingine ambacho lazima nikiseme mbele ya wazee wangu kwa heshima. Sisi humsifu mtu aliyenenepa. "Umenawiri, maisha yamekukubali." Aliyepungua tunamuuliza ana matatizo gani, na wapo wanaonong'ona neno baya zaidi, kwa sababu tulizika watu wengi miaka ile ya ugonjwa na kukonda kulikuwa dalili. Nina wagonjwa waliopungua kilo nane kwa jasho lao, sukari ikashuka, halafu wakarudisha zote kwa sababu mtaani waliambiwa wanaumwa. Kwa hiyo mtu akianza safari hii peke yake anapigana na njaa na majirani kwa wakati mmoja. Akiwa na watu wanne wanaojua anachofanya, angalau majirani amewapunguza.

Sasa nije kwenye saa na simu.

Miaka sita iliyopita binti yangu aliniletea saa ya kuhesabu hatua. Nilikuwa na kilo 82 na urefu wa mita 1.60. Ukichukua uzito ukagawanya kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe unapata 32, na kuanzia 30 tunaita unene uliokithiri, kwa hiyo mimi niliyekuwa nikiwafundisha wengine nilikuwa ndani kabisa. Nikaivaa saa. Nilipofikisha hatua elfu kumi ilitikisika mkononi, nami nikafurahi kama mtoto. Miezi minne nikaitembeza. Nilipopanda mizani nilikuwa na 83. Niliumia sana, wala sikumwambia binti yangu. Baadaye nilipokaa na kuandika kweli kila nilichokula kwa wiki moja, nikaona: siku ambazo saa ilitikisika, jioni nilijipa chips, kwa hesabu kwamba nimezilipia. Kutembea kilomita moja kwa mtu wa uzito wangu kunachoma kilokalori hamsini au sitini hivi. Sahani ya chips mayai nilikuwa siwezi kuilipia hata kama ningepanda kwa miguu kutoka Mnara wa Saa hadi hospitali ya KCMC na kurudi. Saa ilihesabu miguu yangu vizuri. Haikuwa inajua mdomo wangu unafanya nini, na wala haikuniuliza.

Hiyo elfu kumi yenyewe, mama zangu, msiiogope. Ilitoka Japani mwaka 1965, baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ikauza kipima hatua kikiitwa manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la biashara. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 uliwafuata wanawake 16,741 wenye umri wa wastani wa miaka 72, na ukaona kwamba waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikufa kwa uchache zaidi kuliko waliotembea 2,700, na faida ikaendelea kuongezeka hadi karibu 7,500 kisha ikatulia pale. Bibi aliyekaa pale dirishani, kama unatoka nyumbani unafika sokoni na kurudi, umeshafanya kazi kubwa.

Mwaka huo huo ulioniuma mimi nilianza kusoma zaidi, na nikakuta sikuwa peke yangu. Chuo Kikuu cha Pittsburgh walichapisha mwaka 2016 utafiti wa vijana 471 wenye uzito uliozidi. Wote walipewa mpango wa chakula, mazoezi na mikutano ya ushauri kwa miezi sita. Baada ya hapo kundi moja likaendelea kujiandikia lenyewe mazoezi yao, jingine likavishwa kifaa mkononi kinachohesabu kila kitu. Baada ya miaka miwili, waliojiandikia walikuwa wamepungua wastani wa kilo 5.9. Waliovaa kifaa, kilo 3.5. Mimi nadhani, na hayo ni maoni yangu kutokana na yaliyonipata, kwamba mtu anapoandika kwa mkono wake analazimika kujitazama. Kifaa kikimwandikia, anaacha.

Lakini msiondoke hapa mkasema Sista amekataza simu. Kuna utafiti mwingine wa zamani kidogo, wa 2001, wakati intaneti bado ni changa. Watu 91 walipewa tovuti ya kupunguza uzito. Nusu wakaachiwa tovuti na maelezo yake. Nusu nyingine wakaongezewa somo kila wiki kwa barua pepe, wakatuma daftari lao la chakula kwa njia hiyo hiyo, na mshauri, mtu wa kweli, akawajibu mmoja mmoja. Baada ya miezi sita walioachiwa tovuti walipungua kilo 1.6. Waliokuwa wanajibiwa, kilo 4.1. Intaneti ni ile ile. Tofauti ni kwamba upande wa pili kulikuwa na mtu anayesoma.

Mwenyekiti, jibu la swali lako ndilo hilo. Simu ni daftari zuri sana. Daftari bila kikundi, mnajua linavyokuwa.

Na nguvu ya daftari lenyewe siyo ndogo. Marekani mwaka 2008 walichapisha matokeo ya watu 1,685, wakaona waliokuwa wanaandika chakula chao kila siku walipungua karibu mara mbili ya wale ambao hawakuandika kabisa. Hakuna dawa ya ajabu pale. Unapojua utaandika "maandazi matatu", la tatu linakuwa zito kulishika.

Ule utafiti ambao mimi ninaushikilia kuliko wote ni wa 2002. Watu 3,234, wote sukari yao imeanza kupanda lakini hawajafika kwenye kisukari. Kundi moja lilipewa vidonge vya metformini, dawa ya kisukari. Jingine likapewa lengo mbili tu, kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, pamoja na masomo kumi na sita na mshauri wa kuwafuata. Ukilinganisha na waliopewa vidonge visivyo na dawa, metformini ilipunguza idadi ya wanaoingia kwenye kisukari kwa asilimia 31. Kundi la tabia, asilimia 58. Kwa miaka karibu mitatu. Asilimia 7 ya mtu mwenye kilo 90 ni kilo sita na kidogo. Sikuwaambia mkonde. Hakuna anayehitaji kurudi kwenye gauni la kipaimara. Kilo sita zinatosha kubadilisha mwelekeo wa figo, macho na miguu yako, na ninaomba mnielewe hapo kwenye miguu.

Sindano mpya za kupunguza uzito mmezisikia, na wawili wameniuliza nje. Semaglutidi ni dawa ya kweli. Katika utafiti wa 2021 watu walipungua karibu asilimia 15 ndani ya wiki 68. Walipoiacha, mwaka mmoja baadaye theluthi mbili ya uzito ulikuwa umerudi. Ni ya daktari, kwa wanaoihitaji. Zile chupa za "kukata tumbo siku saba" zinazouzwa mitandaoni na stendi, naomba kwa mapenzi yote, msimpe mtu pesa yenu ya kikundi.

Kurudi kwa uzito nataka nikae nako kidogo, kwa sababu ndiko watu wanakojichukia. Mwaka 2011 watafiti wa Australia waliwapunguza uzito watu 50, kisha wakapima homoni zao mwaka mmoja baadaye. Homoni ya kuleta njaa ilikuwa bado juu. Ile ya kuuambia ubongo "tumeshiba, akiba ipo" ilikuwa bado chini. Mwaka mzima! Mwili unadhani kuna ukame na unakusukuma urudishe. Kwa hiyo mama akiniambia, "Sista, nilipungua nikarudi palepale, mimi ni dhaifu," ninamwambia hapana, mama yangu, mwili wako ulikuwa unakulinda kwa njia iliyomfaa bibi wa bibi yako wakati wa njaa. Ndiyo maana kazi hii haina mahafali. Wale waliofanikiwa kushikilia, ambao Marekani wanaorodheshwa tangu 1994, robo tatu yao wanajipima angalau mara moja kwa wiki, miaka yote. Wanaona kilo moja inarudi kabla haijawa saba.

Na sisi tuna Desemba. Nani hapa hana watu wanaopanda kutoka Dar na Mwanza kuja kula sikukuu? Ng'ombe anaanguka, mbege inapikwa, mtori asubuhi, nyama mchana, nyama usiku, na ukikataa unaulizwa chakula cha watu kina nini. Wamarekani walipima watu 195 kupitia sikukuu zao za mwisho wa mwaka, wakakuta wastani wa ongezeko ni kilo 0.37 tu. Kidogo sana. Lakini miezi iliyofuata haikutoka. Weka 0.37 juu ya 0.37 tangu ulipoolewa.

Kwa Desemba, na kwa misiba, na kwa kipaimara, nguvu ya moyo haitoshi ukiitafuta palepale mezani. Amua kabla hujatoka nyumbani, tena kwa maneno kamili: "Kama soda ikiletwa, basi nitaomba maji." "Kama wifi akiniongeza wali, basi nitasema asante nimeshiba, niwekee mnafu." Wanasaikolojia wameipima hii namna ya kama na basi kwa miaka mingi, inasaidia kwa sababu uamuzi umeshafanyika na mdomo unatekeleza tu. Soda moja ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37, vijiko tisa, na Shirika la Afya Duniani lingependa tusizidi gramu 25 kwa siku nzima. Wali unaweza kuufanyia mjadala. Soda, mimi sina mjadala.

Basi nimekuja na ombi, na mama mwenyekiti amelikubali tulijaribu hadi Pasaka.

Mmeshajigawa watano watano kwa ajili ya dhamana ya mikopo. Watano hao hao wawe kikundi cha mizani. Kila siku ya hisa, kabla sanduku halijafunguliwa, mnapima nyuma ya pazia, wewe na katibu wa mizani peke yenu, bila viatu, bila kitenge kizito. Futi ya fundi cherehani nayo iwepo, tupime kiuno; mwanamke akifika sentimita 88 na mwanamume 102, huyo aje kliniki apimwe sukari hata kama anajiona mzima. Namba inaandikwa kwenye kijitabu chako unachoondoka nacho. Kwenye daftari la kikundi vinaandikwa vitu viwili tu: amekuja, na ameandika chakula chake siku ngapi.

Mnatoza faini ya kuchelewa. Endeleeni. Tozeni faini ya kutokuja kwenye mizani. Lakini mtu asitozwe hata shilingi kwa kuongezeka kilo, na asichekwe, na asitajwe. Nimeona vikundi vya kupunguza mwili vikifa mwezi wa pili kwa sababu hii. Aliyeongezeka anaona haya, anakosa wiki moja, anakosa ya pili, na ndiye hasa tuliyekuwa tunamhitaji aje. Hisa ya mtu ikipungua mwezi mmoja hamumfukuzi. Mnamuuliza kuna nini nyumbani.

Katikati ya wiki, Jumatano, kila mmoja amtumie mwenzake ujumbe wa kawaida, hata kwa kitochi: "Umeandika?" Mwenzake anajibu. Ni hayo tu. Wenye simu janja wanaweza kupiga picha sahani kabla ya kula na kuwatumia wale wanne, siyo kwenye kundi kubwa la WhatsApp, tafadhali. Programu za kuhesabu kalori mkizitumia, mtakuta nyingi hazijui kiburu wala machalari. Zinajua vyakula vya kwao. Taifa letu lina majedwali yake ya vyakula vya Tanzania ya mwaka 2008, nimewanakilia ukurasa mmoja wa vyakula tunavyopika sisi, na Taasisi ya Chakula na Lishe ndiyo iliyoshirikiana kuyatoa, kwa hiyo maafisa lishe wetu wanayafahamu. Waulizeni.

Mimi nilipoacha kuitegemea saa nilimtafuta muuguzi mwenzangu, tukawa tunatumiana daftari kila Jumapili jioni. Leo nina kilo 74. Mwezi wa tatu nilifika 76, nikamwandikia, akaja nyumbani na mchicha.

Mizani iko chumba cha vestri, pazia limeshafungwa. Kikundi cha Njoro mtaanza, halafu Kibosho kwa sababu mna safari. Vijitabu viko kwa mweka hazina, vimelipiwa tayari. Wengine mkae tu, chakula kinaanza kugawiwa, na akina mama wa jikoni nimewaomba mafuta wapunguze nusu, mtaniambia kama mmeona tofauti.